Maneno ukutani: watu watasimama?

Yaya, umeuliza kama maneno makubwa kwenye nyumba iliyoachwa yatasimamisha watu. Yatawasimamisha, ila inategemea unaandika nini. Hapa Lubumbashi tumezoea «NYUMBA HII HAIUZISHWI» kwa rangi nyekundu. Tukiona herufi ukutani tunawaza kesi ya urithi, tunapita. Kule New Orleans, Marekani, mwaka 2011, msanii Candy Chang alipaka ukuta wa nyumba tupu rangi ya ubao wa shule, akaandika mara nyingi «Kabla sijafa nataka…», akaacha nafasi na chaki. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa. Nawe andika sentensi isiyokamilika, herufi za kusomeka ukiwa ndani ya taksi. Mwenye parseli, yaani kiwanja chenye nyumba hiyo, umtafute kwanza, tafadhali. Na chaki nunua nyingi, watoto watazibeba.