Mtungi wa gesi umeisha mapema: uliza mzani

SWALI: Mtungi wangu wa kilo 6 hunifikisha siku 20. Huu wa sasa umekata siku ya 13 na mapishi ni yaleyale. Muuzaji anasema sili haikuguswa. Nimepunjwa? – Mama Watatu, Mbagala

JIBU: Huenda, ila siku peke yake si ushahidi. Sili nayo ni plastiki tu, haisemi ndani mna kilo ngapi. Kinachosema ni mzani.

Tazama kola ya mtungi, pale unaposhika ukiubeba. Namba iliyo karibu na herufi TW ndiyo uzito wa mtungi mtupu. Tuseme ni 7.4. Ongeza 6 za gesi, mzani usome 13.4. Ukisoma 12.5 umekosa gramu 900. Usitumie namba ya mtungi wa jirani. Mitungi haina uzito mmoja, hata ya kampuni moja.

Pima dukani, kabla hujalipa, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, nao uanzie sifuri. Mzani wa bafuni hautoshi, unaweza kukudanganya nusu kilo nzima. Muuzaji akianza visingizio, hamia duka jingine. Ukishapunjwa, piga picha ya TW pamoja na mzani, shika risiti, peleka malalamiko Wakala wa Vipimo au EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Ila kabla ya kumlaumu, kagua jiko. Plate ya kilowati 2 ikiwaka mpaka mwisho hula kama gramu 155 kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni saa 38 hivi. Sufuria moja ya maharage yasiyolowekwa, saa mbili na nusu, imekula karibu gramu 400! Moto wa manjano unaoacha masizi nao unapoteza gesi: vitundu vya plate vimeziba, visugue kwa brashi kavu. Kisha paka povu la sabuni kwenye regyuleta na maungio ya mpira. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

SWALI: Moto ulipokata nilipima mtungi, ukawa na kilo 1.3 zaidi ya TW. Kulikoni? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ama gesi imebaki, ama ndani mna maji. Funga regyuleta hiyohiyo kwenye mtungi mwingine. Ikishindwa na huko, huenda mbovu ni regyuleta. Ikiwaka vizuri, tatizo liko kwenye mtungi: vali imekwama au umewekewa maji. Usijaribu kuufungua au kuumwaga mwenyewe. Maji hayawaki ila yana uzito, ndiyo maana mtungi wa namna hiyo hupita mzanini ukiwa umejaa bila kushtukiwa. Piga picha ya uzito huo kabla hujaurudisha. Ukishabadilishiwa mtungi, huna cha kuonyesha.