Setilaiti zikipotea, simamisha gari

Kazi yangu ni kupima barabara. Antena ya kupokea mawimbi ya setilaiti zinazotuonyesha tulipo iko juu ya paa la gari, na ndani kuna kisanduku chenye jairoskopu (inayohisi kugeuka) na akselerometa (inayohisi kasi ikibadilika) kinachoendelea kukadiria tulipo pale setilaiti zinapofichika. Barabara kuu ya Nakuru hadi Kisumu hainisumbui sana. Balaa huanza nikitoka Khayega, nikipita Shinyalu kuelekea Isecheno, msitu wa Kakamega unapotufunika na antena ikabaki mara na setilaiti mbili, mara na setilaiti moja, mara hakuna kabisa.

Safari yangu ya kwanza humo nilirudi na ramani iliyoonyesha tumeacha lami, tumekata vichakani, kisha tumeruka ghafla kurudi barabarani. Dere aliitazama akauliza kama hizo kilomita za porini naye atalipwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikibandika kisanduku kwenye dashibodi kwa selotepu ya pande mbili. Jua la Kisumu likailainisha, kisanduku kikainama kidogo. Kikiinama nyuzi 1 tu na programu isijue, sehemu ya mvutano wa dunia inahesabiwa kana kwamba gari linaongeza kasi. Dakika 1 bila setilaiti, umeshapata kama mita 300 za uongo. Dakika 2, si mita 600, ni zaidi ya kilomita 1, kwa sababu muda ukiongezeka maradufu kosa hilo huwa mara nne. Siku hizi nakifunga kwa bolti kwenye sakafu.

Lakini dawa ninayoiamini kuliko zote haina bei: simama. Gari likitulia, programu inajua kasi ni sifuri, kwa hiyo mwendo wowote ambao kisanduku kinadai ni kosa, na linafutwa hapo hapo. Ndani ya msitu tunasimama sekunde 10 au 15 kila baada ya dakika moja hivi. Na kusimama kuwe kusimama kweli. Siku moja mwenzangu alishuka kununua ndizi akaubamiza mlango, na papo hapo kijana wa boda akaegemea boneti akiuliza kama tunaleta mtandao. Mstari kwenye kompyuta ulitetemeka kama wenye homa, programu ikakataa kuamini kwamba tumesimama. Sasa sheria ya gari letu ni moja: hakuna anayeshuka kabla sijasema.

Usingoje upotee ndipo usimame, maana kusimama hurekebisha kasi tu. Mita zilizokwisha kupotea hazirudi zote, na mwelekeo nao haunyooki. Mwelekeo unautengeneza kabla ya kuingia msituni: endesha dakika chache mahali peupe, ukipinda kushoto na kulia. Jairoskopu zetu za bei nafuu haziwezi kuhisi dunia ikizunguka nyuzi 15 kwa saa, basi ukisimama tu hazijui kaskazini iko wapi. Ukiingia na kosa la nyuzi 1, kila kilomita inakusukuma mita 17 pembeni.

Kama una kihesabu mizunguko ya gurudumu, kiunganishe. Ila pima upepo wa tairi asubuhi, maana kosa la asilimia 1 kwenye mzingo wa tairi ni mita 10 kwa kilomita. Na mvua ya alasiri ya Kakamega ikishanyesha, usikiamini sana: tairi linazunguka matopeni na gari liko pale pale.

Jioni nachakata data mara mbili, kutoka mwanzo kwenda mwisho, kisha kinyumenyume, halafu naunganisha majibu yote mawili, ili kila upande uanze na mahali panapojulikana. Kosa kubwa linabaki katikati ya pengo lisilo na setilaiti, na ni dogo kuliko lile la kwenda njia moja.

Ukitoka msituni nako usikimbilie kushangilia. Vipimo vya kwanza vya setilaiti chini ya matawi ya mwisho ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwani mawimbi yanafika yakiwa yamegonga miti kwanza. Mimi nasonga mpaka nione anga yote, naegesha nusu dakika, ndipo namruhusu mwenzangu akatafute ndizi zake.