Kuhusu maficho, kinga na nafasi baina ya askari

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mkufunzi wenu huwakaripia makuruta wanaposongamana uwandani, na vipi utofautishe maficho na kinga. Nitaanza na hili la pili, kwani ndilo linalowapotosha wengi. Majani ya mkarafuu yatakuficha usionekane, lakini hayazuii risasi hata moja. Ukilala nyuma ya jiwe la maweni kama yale ya Micheweni kule Pemba, hapo umepata maficho na kinga kwa pamoja. Unapolenga ukiwa nyuma ya jiwe hilo, chungulia kwa ubavuni karibu na ardhi, si kwa juu, maana kichwa kinachotokeza juu ya jiwe huonekana upesi mbele ya anga.

Kabla ya kunyanyuka ili ukimbilie kinga nyengine, chagua kwanza pahala utakapolala tena, kisha tambaa kidogo pembeni ili usichomoze pale pale adui alipokuona ukilala. Kimbia kwa sekunde 3 hadi 5 tu, na wakati huo mwenzako awe anakulinda kwa risasi; akikaa kimya, usitoke.

Kuhusu kusongamana, penye uwazi acheni kiasi cha mita 5 hadi 10 baina yenu, ili bomu moja lisiwapate wote. Usiku au msituni mtakaribiana zaidi, kwa sharti kwamba kila mmoja aone ishara za mkono za aliye mbele yake na azipitishe nyuma bila ya kusema neno.