Jibu: Methotreksati, azathioprini au tosilizumabu kwa ugonjwa wa Takayasu

Ndugu yangu, umeuliza ni ipi kati ya dawa hizi tatu inayomfaa mdogo wako wa kike mwenye Takayasu, yaani ugonjwa wa uvimbe wa ateri kubwa za mwili. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndiyo hutangulia kutuliza uvimbe wa ateri, lakini wagonjwa wengi huugua tena dozi inapopunguzwa, na hapo ndipo dawa ya pili, kama mojawapo ya hizi tatu, huhitajika.

Ushahidi wa methotreksati na azathioprini umetokana zaidi na tafiti ndogo, kwa hiyo kwa msichana ningepima kwanza suala la uzazi: methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, humdhuru mtoto aliye tumboni, ilhali azathioprini inaweza kuendelea wakati wa ujauzito chini ya uangalizi wa daktari.

Tosilizumabu ilijaribiwa Japani kwa wagonjwa 36 wa Takayasu, na matokeo yalielekea upande wake bila kufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Sifa zake kubwa zinatokana na utafiti wa mwaka 2017 wa watu 251, ila hao walikuwa na uvimbe wa ateri unaowapata wazee. Tena, na hili nalisisitiza sana, dawa hii hushusha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, hata ateri zikiwa bado zinaumwa, hivyo picha za mishipa ni lazima.

Daktari akipendekeza infliksimabu, dawa nyingine inayoshusha kinga ya mwili, kifua kikuu kipimwe kabla ya sindano ya kwanza.