Kabla Hujafunga Turbo kwenye Mark II ya Familia

Kila mwenye Mark II GX110 anayeniuliza namna ya kuliongezea gari nguvu, mimi humuuliza kwanza kama zile za kiwandani bado zipo. Injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, ilitoka Japani ikiwa na nguvu farasi 160. Magari haya yalitengenezwa kati ya 2000 na 2004, kwa hiyo hata lile la mwisho limeshatimiza miaka ishirini. Mengi ninayoyapanda leo hayana hizo 160, na mwenyewe anahangaika kutafuta turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada, wakati kilichopotea kingeweza kurudishwa kwa gharama ndogo.

Anza kwa kupima kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, kwenye silinda zote sita. Fundi mwenye geji anaimaliza kazi hiyo asubuhi moja, na sijui matumizi bora zaidi ya pesa kwa mtu anayewaza nguvu. Mimi hufuata kanuni hii: silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, habari ya kuongeza nguvu iwekwe pembeni kwanza, ringi na valvu zishughulikiwe. Zikiwa sawa, funga plagi mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kagua koili moja moja, nozo zisafishwe kwa mashine, chujio la petroli libadilishwe. Kisha angalia masega ya eksozi, yale ya kusafishia moshi. Yakiziba, gari linaondoka vizuri, lakini ukilikanyaga zaidi linagoma kama limezibwa pua. Wengi wamenunua injini nyingine kwa ugonjwa huo tu.

Usisahau breki zinazokamata. Nyanyua gari kwa jeki, gia iwe N, zungusha kila tairi kwa mkono. Tairi likiwa zito, unaendesha huku umekanyaga breki bila kujua. Na rimu kubwa za urembo nazo zinakula nguvu: tairi linapokuwa kubwa kuliko la kiwandani, gari linachelewa kuchomoka, na spidomita inakuonyesha kasi ndogo kuliko unayokwenda.

Kwenye gari langu kazi hizi ndizo zilizoleta tofauti ninayoisikia mguuni. Tunapandisha Kitonga kwenda Iringa, mke na watoto ndani, buti limejaa, na gia boksi haihangaiki tena kushuka na kupanda nyuma ya malori.

Kuna jambo la mwinuko ambalo watu hawalizungumzi vya kutosha. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Mbeya iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Gari lenye farasi 160 Dar es Salaam likifika Mbeya linabaki na 130 na kidogo, na fundi wa Mbeya hana kosa lolote. Kwa mtu anayeishi nyanda za juu, hamu ya turbo naielewa kabisa: inasukumia injini ile hewa iliyopungua.

Sasa vitu vya kuviacha. Zile ea klina za koni zinazokaa wazi chini ya boneti zinanoga kwa sauti, lakini zinavuta hewa iliyochemshwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito mdogo kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, na injini inaishi kwa uzito wa hewa. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya nje. Liache mahali pake, badilisha chujio tu. Vile vidude vya kuchomeka vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la chipu, vingi vinaidanganya kompyuta ya gari kwamba hewa ni ya baridi ili iongeze petroli. Sensa ya oksijeni inagundua petroli imezidi na kuirudisha ilipokuwa. Umelipia waya.

Kufunga turbo kwenye 1G-FE hiyo hiyo sikushauri hata kidogo. Injini hii inakandamiza hewa kwa uwiano wa 10 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya turbo juu ya hapo, kwa petroli tunayonunua vituoni, itaanza kugonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda, na injini inayogonga inatoboa pistoni. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye umbo hili walitumia 1JZ-GTE, lita 2.5, uwiano wa 9 kwa 1, farasi 280. Hiyo ndiyo njia iliyonyooka: nunua injini hiyo kamili, pamoja na gia boksi, nyaya zote na kompyuta yake, vyote kutoka gari moja lililokatwa. Zinakuja kutoka Japani na nyingine kupitia Sharjah. Ukinunua injini leo, nyaya mwezi ujao, kompyuta kwa mtu mwingine, gari litalala gereji mpaka nyasi ziote. Hesabu pia propela, rejeta kubwa zaidi, intakula ya kupooza hewa ya turbo na pampu ya petroli. Na ukiuziwa 1JZ ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa bei ya kutupa, ipite. Pampu yake ya presha kubwa haivumilii petroli chafu.

Breki zitangulie injini. Hapa sina mjadala na mtu, maana nyuma kuna watoto. Gari lililo kwenye 120 lina nishati mara mbili na robo ya lile lililo kwenye 80, na nishati yote hiyo inamalizwa na diski na pedi. Toleo la turbo lilipewa breki za mbele kubwa zaidi, na kwa injini hiyo zinahitajika. Funga hizo, matairi mazuri na shokapu zisizovuja, endesha hivyo kwa muda na injini yako ya zamani. Nimeona wenzangu kadhaa wakiishia hapo kwa furaha, kwa sababu walichokikosa ni gari linalotulia barabarani.

Ukiendelea hadi mwisho, nenda TRA, mamlaka ya mapato, kabla gari halijarudi barabarani. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake, na vyote viwili vitakuwa vimebadilika. Iarifu na kampuni ya bima kwa maandishi, ubaki na nakala.