Muulize Shangazi: Nataka kuwafanyia sherehe ya shukrani, mke wangu kanuna

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Njombe. Mwaka 2019 niliacha ualimu wa shule ya msingi nikapanda parachichi za Hass. Mtaani walinicheka, wengine wakasema nimerogwa, mtu gani anaacha mshahara kwa ajili ya miti. Nyumbani hakuna aliyenicheka. Kaka yangu alinipa ekari mbili. Mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa, nikanunua miche. Mke wangu alianza kukaanga maandazi na kuyauza stendi, ndiyo yaliyotulisha.

Msimu huu nimevuna vizuri kwa mara ya kwanza. Nimepanga kuwafanyia shukrani ya nguvu: turubai, viti 150, muziki, mshereheshaji, ng'ombe achinjwe, halafu mama, kaka na mke wangu wakae meza kuu wavishwe vitenge mbele za watu, na wale walionicheka wawepo waone. Nilipomwambia mke wangu alisema tu, "Kama hela ya turubai ipo, sawa," akaendelea kukanda unga. Tangu siku hiyo ananijibu mkato mkato. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Zamani, Njombe

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mavuno. Hongera pia kwa kukumbuka. Wapo wengi wakishashika hela ya kwanza husema "nilipambana mwenyewe", na aliyeuza ng'ombe kwa ajili yao yupo jikoni anasikia.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili. Turubai, viti, muziki na mshereheshaji umenieleza vizuri, mpaka idadi. Mkeo umempa mstari mmoja: alikaanga maandazi, yakatulisha. Tusimame hapo kidogo.

Mche wa Hass uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mparachichi mwingine, unaanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya maana yanasubiri zaidi ya hapo. Muda wote huo mti unataka samadi, palizi na maji, na haukupi hata nauli ya kwenda mjini. Sasa, maandazi ya stendi lazima yawe moto abiria wa basi la kwanza wakifika. Maana yake mwenzio alikuwa anaamka saa tisa usiku, Njombe, Juni na Julai, baridi ile ya kukata masikio, anawasha moto wewe umelala. Na bado anakanda, umesema mwenyewe. Mtu aliye na unga mpaka kwenye viwiko ukimtajia viti 150, unataka akujibu nini? Alichosikia ni kwamba hela imepatikana na kesho ataamka saa tisa kama kawaida.

Nikuambie yangu. Miaka ya themanini, biashara ilipolegezwa na mitumba ikaanza kuingia, niliacha kazi ya kupiga taipu ofisini, Tanga, nikanunua robota langu la kwanza. Nimelifungua sebuleni, mume wangu kashika taa: makoti. Makoti mazito ya sufu, ya watu wa theluji, na sisi tupo Tanga tunajipepea kwa magazeti. Nililia. Wifi yangu hakusema neno. Asubuhi aliyafunga kwenye shuka mbili, akapanda nayo basi la Lushoto, na kule milimani yakaisha kwa siku mbili za soko. Biashara yangu yote imeanzia mgongoni kwa yule mwanamke.

Nilipopata, nilimshukuru hivyo hivyo unavyotaka wewe. Pilau, majirani, doti ya khanga nikamfunika mabegani, vigelegele. Aliikunja vizuri akaiweka mapajani, akaniambia taratibu, "Nguo ninazo, wifi." Ilinichukua miaka kumuuliza. Kumbe wiki ile ya makoti ndiyo aliyotakiwa kwenda kuanza mafunzo ya cherehani. Nafasi ikapewa mwingine. Mimi nilikuwa sijui, kwa sababu sikuwahi kumuuliza alikuwa na mpango gani. Binti yake nilimlipia chuo cha ushonaji baadaye, lakini yeye mwenyewe macho yalikuwa yameshachoka kutunga uzi.

Kwa hiyo anza na mama. Aliuza ng'ombe wa maziwa, na tangu hapo nadhani anakunywa chai ya rangi. Usimpe kitenge, mwanangu, mpe ng'ombe. Tafuta mtamba mwenye mimba, umfikishe bandani mwenyewe, na majani ya wiki ya kwanza uyakate wewe. Yule uliyepanga kumchinja ndiyo bajeti yake hiyo.

Kaka amekupa ekari mbili, sawa, amekupa au amekuazima? Mparachichi unazaa miaka na miaka, na wako umesimama juu ya maneno ya mdomo. Leo mnapendana, watoto wenu hawakuwepo mkiongea. Kaeni, aseme mwenyewe anataka nini, pengine naye anataka miche kwenye kipande chake na mtu wa kumfundisha. Akiridhia kwamba ardhi ni yako, na kama ni ya kijiji, nendeni halmashauri ya kijiji muombe hatimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kuimiliki kwa pamoja. Jina la mkeo liandikwe humo. Hilo nalihesabu ni shukrani kuliko meza kuu.

Halafu yeye mwenyewe. Usimuulize asubuhi, ana haraka. Msubiri jioni akishaosha karai, mwonyeshe daftari la mauzo lote, pamoja na madeni ambayo najua hukumwambia. Kisha muulize: mwaka 2019, mimi nilipoacha kazi, wewe ulikuwa unataka kufanya nini? Akisema "hakuna", usiondoke. Wifi yangu naye alianza na "hakuna".

Mkishamaliza hayo, pikeni kuku wawili mle nyumbani. Waliokucheka wana kwao, waache wale kwao. Mshereheshaji hapana.

Shangazi