Kazi ya mumeo na dhamira yako

Dada pole sana, nimekuelewa, unasema mumeo anaandika hotuba za chama usichokikubali hata kidogo na kila akirudi jioni mnazozana. Kwanza muulize kazini anafanya nini hasa, maana kutofautiana sera ni kitu kimoja, ila kama anatunga uongo wa kuchafua watu au kuchochea chuki hapo una haki kabisa ya kumkatalia, na umwambie mkiwa wawili tu sio mbele ya watoto. Usimshinikize aache kesho, kaeni mpige hesabu kodi na ada zitatoka wapi wakati anatafuta kingine. Na wewe wasikuburuze kwenye majukwaa yao eti mke wa fulani, hilo mimi nisingekubali kabisa.